Neno Kabla ya Tulia

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika, ila mwili umefika kabla ya akili. Leo siku ya pili naamka nikidhani bado niko safarini, kwa sababu chumba cha Baba kinatikisika kidogo kidogo, kama nacho kinakwenda mahali. Ni mashine. Kazini kwake walimpa chumba nyuma ya jengo wanalofulia nguo za hospitali, na ukuta mmoja una joto kutwa kwa sababu mabomba ya mvuke yamepita humo. Nalala nimeuegemea. Nikifumba macho nasikia maji yakizunguka, nikifumbua nayasikia vilevile, hata sijui saa ngapi nimeacha kuota.

Ningekupigia simu, lakini najua sikio lako la kulia limestaafu na la kushoto halitaki mazoea na simu. Acha tuandikiane.

Vitu vyake ni vichache. Viatu jozi mbili, redio, miwani, na lile shati la bluu ulilomshonea siku anaondoka. Kola ilipochakaa aliifumua akaigeuza mwenyewe. Mishono yake, Mama, ungecheka. Imepanda na kushuka kama njia ya mbuzi.

Nimeliona kaburi lake. Walimzika wiki ileile aliyofariki, barua yao ikatukuta tumeshachelewa. Kwa sasa kuna kibao cha mbao chenye namba tu. Wenzake wa kazini wanamwandalia jiwe, na ofisi ya makaburi inataka sahihi ya mke kabla halijachongwa. Nimekuwekea fomu humu, pamoja na nakala ya cheti cha kifo, maana maandishi ya jiwe hufuata cheti. Kipo kwa Kiingereza. Utaona jina lake, kisha neno alias, kisha Tulia. Nadhani ni jina la utani la kazini. Weka sahihi pale nilipotia alama ya penseli, uirudishe.

Mwajiri wangu amenipa ruhusa ndefu, usihangaike na hilo.

Mwanao


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Karatasi zimefika zimekunjamana kama shati la mlevi, lakini zimefika.

Cheti nimekisoma peke yangu kwanza. Kiingereza changu unakijua, ni cha kwenye lebo za nguo: pamba, fua kwa maji baridi, usikamue. Nikaliona lile neno alias. Nikajiuliza, huyu Elias ni nani? Baba yako hajawahi kuwa Elias hata siku moja. Basi nikajua wamekosea mtu. Mwanangu, nakwambia kweli, nilisimama katikati ya chumba na mkasi mkononi nikicheka peke yangu. Mume wangu yu hai, aliyekufa ni Elias, Mungu amrehemu. Nilikaa na furaha hiyo tangu nilipofungua bahasha hadi chai ikapoa.

Kisha nikaenda kwa Mwalimu mstaafu, jirani yetu. Akavaa miwani, akasoma, akakohoa. Mwalimu akikohoa ujue kuna jambo. Akasema, “Bi Cherehani, hili si jina. Hili ni neno la mahakamani. Mwizi akikamatwa ana majina mawili, ndilo linalowekwa katikati.”

Nikamwuliza, “Na asiye mwizi?”

Akasema, “Mtu mwenye maisha mawili.” Halafu akaona uso wangu, akaanza kuniuliza habari za suruali yake.

Sitaweka sahihi.

Nimelisoma na hilo neno linalofuata. Nimelisoma mara nyingi na sitaliandika hapa. Nifanyie jambo moja, wala usiniulize sababu: ulizia kama kuna mtoto wa kike huko anayeitwa hivyo. Ukimpata, niambie ana umri gani. Kisha funga mizigo urudi nyumbani, tuachane na habari za mawe.

Mama yako


25 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha na kuniliza ndani ya ukurasa mmoja. Nimeelewa unachoogopa, na sikulaumu. Mume akikaa mbali miaka tisa, mke ana haki ya kuuliza. Nimekuulizia. Hakuna mwanamke, hakuna mtoto. Kitanda ni cha mtu mmoja, kikombe kimoja, mswaki mmoja, na kiti ambacho mguu wake wa nyuma umefungwa kamba, hakiwezi kumkalisha mgeni hata akiwa mwembamba.

Kuhusu neno lenyewe, Mwalimu amesema kweli, ila hakuimaliza. Wewe unajua kazi yangu, nasahihisha maandishi ya watu kabla hayajachapwa. Neno lililokaa vibaya linanikereketa shingoni kama lebo. Kwa Kiingereza yapo maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Alias ni jina mtu anajivika. Nickname ni jina anavikwa na wenzake. La kwanza lina mlango wa nyuma, la pili lina kicheko ndani yake. Nikaenda ofisi ya makaburi nikamwambia karani, baba yangu hakuwa akijificha, andikeni lile la pili au msiandike kitu.

Karani hakuinua hata kichwa. “Dada,” akasema, “cheti hakina nafasi ya utani. Mtu akiwa na majina mawili, neno ni hilo.”

Nikarudi kwenye jengo la kufulia nikamtafuta msimamizi wa pasi. Ni mama wa makamo, mrefu, wote wanamwita, kwa lugha yao, Mvuke kwa sababu humwoni akija, unashtukia amefika. Nikamwuliza jina hili lilitoka wapi. Akanipeleka kwenye mashine kubwa ya kukamulia. Ikikaribia kumaliza hutikisika hadi sakafu inalia. Akaniambia Baba alikuwa akiweka kiganja juu ya kifuniko chake na kusema taratibu: tulia, tulia, tulia. Mpaka isimame. Hapa hakuna ajuaye Kiswahili hata chembe, Mama. “Tangu nimjue ndilo jina lake,” Mvuke akasema. “Nadhani lilitokana na haya maneno aliyokuwa akiiambia mashine.”

Unaona? Mtu anatuliza mashine, watu wanadhani anajitambulisha. Ni kichekesho tu, wala hakina ubaya. Ungeona wanavyomtaja hapa kwa upole, ungeweka sahihi leo.

Jambo jingine aliloniambia sijui lina maana gani. Furushi la wodi ya watoto wachanga likiingia, Baba alikuwa analiomba yeye. Vishuka vidogo, urefu wake hauzidi mkono wangu. Alivikunja pembe kwa pembe na kuvilaza kimoja kimoja, wala hakukubali kusaidiwa. Mvuke alinionyesha meza yake. Nilisimama pale nikitazama mashuka makubwa yakitoka kwenye pasi kama mawingu yaliyonyooshwa, nikasahau nilikuwa nimekuja kuuliza nini.

Fomu bado ninayo nakala nyingine. Naituma tena.

Mwanao


5 Aprili

Mwanangu,

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Kabla yako alikuwepo mwingine. Msichana. Alizaliwa akipiga kelele kama king'ora, wauguzi wakacheka. Baba yako akampakata kifuani akamwambia, tulia. Akatulia. Akamwambia tena, akafumbua macho. Baba yako akanigeukia, jasho linamtoka utadhani yeye ndiye aliyezaa, akaniambia, “Mama Tulia, umeona? Analijua jina lake.”

Siku tisa niliitwa Mama Tulia.

Homa ilimshika asubuhi, mchana hakuwepo. Sina zaidi ya kukueleza hapo. Baba yako alikwenda kumwandikisha, angalau jina libaki. Karani akamwambia aliyefariki kabla ya kuandikishwa haandikwi jina. Akampa karatasi imeandikwa “mtoto wa kike,” basi. Alirudi nayo ameishika kwa vidole viwili kama kitu kilicholowa.

Mimi nikamwambia jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba hii. Sikusema kwa ubaya. Kila nilipolisikia maziwa yalitoka, mwanangu, yakalowesha nguo, na hakuna wa kuyanywa. Akaniitikia. Tukakaa pamoja miaka ishirini na mitano na hakulitamka. Hata wewe ulipokuwa ukilia na meno yako, alikuambia nyamaza, alikuambia basi, alikuambia haya mama haya. Neno lile alilizunguka kama shimo.

Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza kwa nini mama za wenzako wanaitwa Mama Fulani, na mimi naitwa Bi Cherehani. Nikakuambia ni kwa ajili ya wateja. Haikuwa hivyo. Mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Kama ningeitikia kwa jina lako ningekuwa namkana yule mwingine kila siku, dukani, njiani, kwenye foleni ya maji.

Namwona usingizini. Hakui kwa mpangilio. Mara ana miaka saba na viatu vya shule, mara ni mkubwa kuliko mimi, ananitungia uzi kwenye sindano kwa kuwa macho yangu hayaoni tundu. Hasemi kitu. Nikiamka natafuta uzi.

Basi nilipoona jina lake kwenye cheti kile, nilidhani baba yako amempa mtoto wa mwanamke mwingine. Kwa ajili hiyo niliuliza umri. Wewe sasa unaniandikia kwamba ni mashine. Mwenzio sijui kipi kinauma zaidi, kumpa mtoto mwingine au kuipa mashine.

Mama yako


8 Mei

Mwanangu,

Mwezi mzima umepita. Kila gari la posta likisimama naacha cherehani inakwenda peke yake. Jana nimeshona mfuko wa koti la mteja ukafungwa kabisa, hauingii hata kidole.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi. Nitasoma.

Mama yako


16 Mei

Mama,

Shikamoo. Ndiyo, nilikasirika. Nilikuandikia barua tatu nikazichana. Miaka thelathini na moja nimekuwa wa kwanza. Nikivunja sahani, naambiwa wewe ndiye wa kwanza, uwe na akili. Nikifaulu, ndiyo sifa ya wa kwanza. Kumbe wakati wote nilikuwa nimekalia kiti cha mtu, na nyinyi wawili mnanitazama nimekikalia na hamsemi.

Nilirudi kwenye jengo la kufulia. Mvuke hakuuliza. Alinipa aproni, akaniweka kwenye meza ya Baba. Nimekuwa nakunja mashuka. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili, mnashika pembe, mnarudi nyuma, mnakaribiana, mnakutanisha mikono, mnaachana tena. Kwa wingi wa mvuke, mwenzako humwoni, unaona shuka tu na vidole upande wa pili. Siku moja, Mama, niliamini kabisa najua vidole vile ni vya nani. Tukakaribiana. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Nikafika, nikamkuta Mvuke, naye akanipangusa uso na pembe ya shuka safi, akalirusha kwenye kapu la kufuliwa upya.

Baada ya hapo nikapata nguvu ya kwenda ofisi yao ya kazi. Nikaomba kuona fomu aliyojaza siku ya kuanza. Wameitunza. Mwandiko ni wake, zile herufi zinazoegemea nyuma kama mtu anateremka mlima. Kisanduku cha kwanza, jina. Ameandika jina lake la cheti. Kisanduku cha pili kinauliza: unajulikana kwa jina gani jingine?

Ameandika, Baba Tulia.

Maneno mawili, Mama. Niliyasoma nimesimama, nikayasoma nimekaa. Nilimwuliza mtunza faili neno la kwanza lilipotelea wapi. Akasema walidhani ni kama kusema Bwana, la heshima tu, wakaliacha. Orodha ya kazi ikaandikwa Tulia. Hospitali ikachukua kwenye orodha ikaweka kwenye cheti, na kwa kuwa majina yamekuwa mawili, wakapachika lile neno lao katikati.

Kwa hiyo nilikosea, na nilikosea kwa kujiamini, kama kawaida yangu. Si alias, kwa maana hakuwa anajificha. Si nickname, kwa maana hakuna aliyemtania. Nimetafuta Kiingereza cha jina la namna hii sijakipata, na sisi tunalo mdomoni tangu asubuhi hadi jioni. Wala mashine haikupewa kitu. Ilikuwa ikitulizwa, kama alivyomtuliza yeye.

Ulimkataza, akakutii mpaka mlangoni. Kisha akafika mahali ambapo hakuna wa kuumia akilisikia, akapewa karatasi yenye nafasi, akamwandikisha.

Karani wa makaburi amekubali kurekebisha. Bado anataka sahihi ya mke. Sikulazimishi. Niambie tu unataka jiwe liandikwe nini.

Mwanao


27 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba mara mbili, na ile ya barua iliyochelewa.

Nimeweka sahihi. Waambie jina la Baba Tulia likae juu, kwa herufi kubwa. Jina la cheti likae chini yake. Katikati wasiweke neno lolote, si la mwizi wala la utani. Waache nafasi.

Barua yako nimeisoma nikaikunja, nikaenda kukaa kwenye kitanda upande wake. Nilimwambia maneno. Mengine yananihusu mimi na yeye. Moja nitakuambia: nilimwambia angenitamkia tu. Mwaka wa kumi, mwaka wa ishirini, angelitamka siku moja wakati wa kula, labda ningelia, labda ningesema nipitishie chumvi. Sasa sitajua. Mimi naye tulikuwa kila mtu anamlinda mwenzake, mpaka tukawa na ukuta mzuri sana, umenyooka, hauna hata ufa.

Juzi asubuhi Mwalimu alipita. “Habari za leo, Bi Cherehani?”

Nikamwambia, “Mwalimu, kuanzia leo niite Mama Tulia.”

Akafikiri ni jina jipya la duka. “Tulia ndiye yupi?”

Nikamwambia. Pale pale kwenye ngazi, na mfuko wa mboga mkononi, nilimweleza yote. Alivua kofia akabaki ameishika. Kisha akaivaa tena, akairekebisha, akaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza anafika: “Habari za leo, Mama Tulia?”

Nilishika mlango. Sikujua kwamba sauti ya mtu inaweza kukurudisha miaka yote hiyo kwa mara moja. Nilijitazama kifuani, nguo ilikuwa kavu. Nikamjibu, “Nzuri.”

Na wewe, usirudie kuniambia umekalia kiti cha mtu. Ulipozaliwa nilikuogopa. Nilikunyonyesha nikitazama ukutani. Nilijiambia, nisimzoee huyu mpaka siku tisa zipite. Siku ya kumi ilipofika nikakugeuza nikakutazama usoni, nikatazama, nikatazama, hadi baba yako akasema utamchubua mtoto kwa macho. Tulia alikuwa wa kwanza kuja. Wewe ulikuwa wa kwanza kubaki. Kila mmoja na kiti chake, na vyote nimevifuta vumbi.

Mama Tulia,
na mama yako wewe


11 Juni

Mama Tulia,

Shikamoo. Nimeandika hivyo juu kuona mkono wangu utakubali. Umekubali.

Jiwe limewekwa jana. Ni la kijivu, si kubwa, limechongwa kama ulivyosema, na ile nafasi katikati wameiacha. Wenzake walikuja mapumziko ya mchana, wote na aproni zao, wakasimama kwenye nyasi weupe kama kundi la ndege waliokosea njia. Hakukuwa na hotuba. Mmoja alipangusa vumbi la mchongaji kwa kitambaa, akalipangusa hata nyuma ambako hakuna maandishi.

Mvuke akainama, akasoma kwa shida, kipande kwa kipande. “Ba-ba Tu-li-a.” Akaniuliza hilo neno la kwanza ni nini, kwa maana yeye hakuwahi kulisikia.

Nikamwambia, “Ni mzazi wa kiume.”

“Kwa hiyo Tulia ni wewe?”

“Hapana,” nikasema. “Tulia ni dada yangu. Mkubwa wangu.”

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtaja kwa mtu, na ilitoka kirahisi, kama nimekuwa nikimtaja maisha yangu yote. Mvuke akauliza kama atakuja kuliona jiwe. Nikamweleza. Akaweka mkono wake juu ya jiwe. Wengine walikuwa wameanza kurudi kazini.

Kisha akasema, “Mimi ndiye ninayeita majina kila asubuhi. Miaka tisa. Wote huitikia kwa neno la hapa kwetu. Yeye peke yake alikuwa na neno lake, la kwenu. Tulilizoea, hatukuwahi kumwuliza.”

Nikamwuliza lilikuwa neno gani.

Akafumba macho, akalitafuta kama mtu anayetafuta wimbo ambao hajui lugha yake. “Nikiita, Tulia! Yeye anajibu, Yupo.”

Akafumbua macho, akaniuliza kama amelitamka vizuri.

Nikamwambia amelitamka vizuri sana.

Mwanao